Kinjeketile Jukwaani Upanga: Imani ya 1905 kwa Sauti ya 1969

Jumamosi iliyopita nilikwenda Upanga kutazama Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, ikiigizwa na kikundi cha vijana wasiozidi ishirini katika ukumbi mdogo ambao viti vyake havifiki mia mbili. Nilikwenda na swali ambalo nimekaa nalo tangu nilipokisoma kitabu hicho nikiwa kidato cha tatu: tanzia hii ya watu walioamini kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji inaonyesha imani ya nani? Je, ni imani ya Wamatumbi, Wangindo na Warufiji wa mwaka 1905, waliopigana Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, au ni imani ya Watanzania wa mwaka 1969, miaka minane baada ya Uhuru na miwili baada ya Azimio la Arusha? Jibu langu, ambalo onyesho hili limelipa nguvu kwa mazuri yake na kwa kasoro zake pia, ni kwamba imani zote mbili zimo, moja imekaa ndani ya nyingine, na mwongozaji anayeishika moja na kuiachia nyingine anaupunguzia mchezo nusu ya uzito wake.

Niyamalize kwanza yanayohusu fedha na muda wa mtazamaji. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000, na wanafunzi wenye vitambulisho walilipa shilingi 5,000, bei ambayo naiona ni ya haki kwa kazi ya saa mbili na nusu yenye waigizaji na wapiga ngoma walio hai mbele ya macho yako. Mchezo ulitangazwa kuanza saa moja jioni, ukaanza saa moja na dakika arobaini bila mtu yeyote kutoka kutuomba radhi, na jambo hilo linaumiza zaidi kwa wale wanaotegemea mwendokasi kurudi Kimara au Gerezani usiku. Feni za pembeni zilikuwa na kelele, na watu wa mistari ya nyuma walikosa maneno mengi ya wahusika wanaonong'ona. Atakayekwenda aombe kiti cha katikati, si nyuma ya mstari wa sita.

Sasa nirudi kwenye maji. Mtu hawezi kuitathmini tanzia hii kama hajui kilichoaminiwa na wale wanaosimuliwa, na hapo ndipo kikundi hiki kilipofanya kazi ambayo sijaiona ikifanywa vizuri hivi. Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Matumbi, kwa tendo ambalo kwa macho ya mgeni lingeonekana dogo: watu waling'oa miche ya pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu wa kusini-mashariki kulima mashamba ya pamba ya pamoja, wakisimamiwa na majumbe, maakida na wanyapara, kazi iliyowanyang'anya siku za kulima mashamba yao wenyewe, huku ujira wake ukiwa mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuupokea. Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akaingia kidimbwini mbele ya jamaa zake, akatafutwa asionekane, na kesho yake akatoka nguo zikiwa kavu. Ndivyo wazee walivyosimulia. Dawa aliyoitoa ilikuwa maji yenye mafuta ya mbarika na mtama, na watu walimiminika Ngarambe kuifuata.

Wengi wetu tulifundishwa kuyaona maji hayo kama kinga ya risasi, basi. Lakini kabla ya Kinjeketile, watu wa bonde la Rufiji walikuwa na Bokero, mzimu mkubwa waliomwendea kuomba mvua, rutuba na salama ya mazao, na Hongo alijulikana kama mjumbe wake. Waliokuwa mbali zaidi, upande wa Uluguru, walikuwa na Kolelo. Maji, kwa hiyo, yalikuwa tayari lugha ya uhai, ya shamba na ya kizazi, kabla hayajawa lugha ya vita. Mkulima aliyezuiwa kulima chakula chake ili alime pamba ya serikali hakuwa na sababu ya kushangaa kwamba aliyempa mvua ndiye angempa na ushindi. Ukilielewa hilo, huoni ujinga hata kidogo. Unaona watu walioichukua imani yao ya kila msimu wakaipanua mpaka ikabeba mzigo ambao haikuwahi kubeba.

Mwongozaji amelielewa hilo, na alilionyesha tangu onyesho la kwanza. Mchezo unafunguliwa na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumza juu ya njaa na juu ya wanaume waliochukuliwa kwenda kufanya kazi shambani kwa Mjerumani. Vikundi vingi hulipitia onyesho hili haraka ili wafike kwenye ngoma na mapepo. Hapa tulikaa nalo. Bi Kinjeketile alipepeta ungo ambao ndani yake hamkuwa na kitu cha kutosha kupepetwa, na akaendelea kuupepeta wakati wote wa mazungumzo, taratibu, kana kwamba mikono ilikuwa imezoea kazi ambayo chakula chake kimeshatoweka. Mwigizaji huyo ndiye aliyenigusa kuliko wote. Hakuinua sauti, hakulia, na bado ulijua kwamba nyumba hii imefika mahali ambapo neno lolote la matumaini litapokewa kwa mikono miwili. Imani huanza katika ungo ule kabla haijafika mtoni, na nilifurahi kuona kwamba kijana aliyeliongoza onyesho hili anajua hivyo.

Kisha likaja onyesho la maji. Katika maonyesho ya shule niliyoyaona, mto huwa ni kitambaa cha buluu kinachotikiswa na watu wawili. Hapa walitengeneza kihori kirefu cha mbao kilichokatiza jukwaa kutoka upande hadi upande, kikajazwa maji ya kweli, na taa ikapigwa juu yake kwa pembeni hivi kwamba mawimbi madogo yakacheza kwenye dari la ukumbi na juu ya vichwa vyetu. Kinjeketile alitoka nyumbani kwake akitambaa, tumbo likigusa sakafu, macho yakiwa hayatazami mtu, akateleza nyuma ya kihori na kutoweka. Waigizaji wote wakaketi wakitupa mgongo, wakiyatazama maji. Ngoma moja ikapigwa kwa mbali. Tukangoja nao dakika zisizopungua nne, ambazo katika ukumbi ni muda mrefu mno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kutazama mchezo huu niliogopa kwamba hatarudi. Aliporudi, kaniki yake ilikuwa kavu. Sikutaka kujua walifanyaje.

Lakini alipoanza kuwanyunyizia watu wake yale maji, vijana kadhaa waliokaa nyuma walicheka. Sikuwalaumu kwa haraka, maana ni kicheko cha mtu anayejua mwisho wa hadithi. Wao wanajua kwamba Wajerumani walikuwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha, na kwamba tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliiendea boma ya Mahenge wakikatwa kama majani. Wanajua kwamba makadirio ya Wajerumani wenyewe yalifika watu 75,000 waliokufa, na kwamba wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 mpaka 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Anayejua hayo hushawishika kumwona aliyenyunyiziwa maji kuwa mtu wa kuchekwa. Mzee mmoja aliyeketi kando yangu, ambaye nilikuwa nimemwamkia shikamoo wakati tunasubiri na akaniambia kwamba kwao ni Utete, Rufiji, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hao wanadhani yale maji yalikuwa ngao. Yalikuwa kiapo. Ukishayanywa, huwezi tena kumgeuka mwenzio." Nimelitafakari neno hilo wiki nzima.

Tanzia za kale za Wagiriki ziliigizwa Athens katika sherehe za mungu Dionysus, mbele ya watu ambao waliamini, kama walivyoamini wahusika, kwamba miungu husema kupitia kwa watabiri wa Delphi na kwamba neno lao halikwepeki. Mfalme Oedipus anapokimbia utabiri na kuukuta njiani, mtazamaji wa Athens hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu angekimbia maneno ya mtabiri, naye angekimbia. Tanzia ya Hussein imeandikwa katika hali nyingine kabisa. Wahusika wake wanaamini jambo ambalo mwandishi, msomi wa chuo kikuu, haliamini kwa namna hiyo, na ambalo watazamaji wake wa mwaka 1969 walikuwa wamefundishwa kulionea haya au kulifafanua upya. Hapa tanzia haiwezi kutegemea imani iliyomo ukumbini. Lazima iijenge imani jukwaani kwanza, ndipo iivunje. Kikundi hiki kiliijenga. Kwa sababu hiyo peke yake ningewashauri watu waende.

Tatizo langu linaanzia sehemu ya pili, na ni tatizo la kutoujua mwaka 1969 vizuri kama walivyoujua mwaka 1905.

Wakoloni walikuwa na maelezo yao ya vita hivi, nayo yalikuwa rahisi: ni uchochezi wa waganga na ushirikina wa watu wasiostaarabika. Maelezo hayo yaliwafaa sana, kwa kuwa yaliondoa pamba, kodi na kiboko kwenye orodha ya sababu. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala kutoka mji huu huu wa Dar es Salaam, hatua chache tu kutoka pale tulipokaa kama mtu angekata moja kwa moja kuelekea baharini, alikuwa na kila haja ya kuamini hivyo. Wapigania uhuru walilazimika kujibu. Mwaka 1956, Mwalimu Nyerere alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York, aliieleza Maji Maji kama uasi wa watu waliokataa haki ya mzungu ya kuwatawala, akakanusha kwamba ulisukumwa na kiapo cha kishirikina. Ilikuwa hoja ya kisiasa, ilihitajika, na ilikuwa na ukweli mkubwa ndani yake. Gharama yake ni kwamba maji yenyewe yalibaki bila mwenyewe: mkoloni aliyadharau, na mzalendo akayasogeza pembeni.

Wakati Hussein anaandika, walimu na wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam walikuwa vijijini, mwaka 1968, wakiwasikiliza wazee waliokuwa bado hai na kuyaandika masimulizi yao. Kwa mara ya kwanza imani ile ilisikilizwa kwa makini, kutoka vinywani mwa watu ambao baba zao walikunywa yale maji, kama jambo lililowaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Tamthilia hii imezaliwa katika hewa hiyo. Ndiyo maana wahusika wake wanagombana kwanza kwa kabila, huyu akimtilia shaka Mkichi na yule akimtilia shaka Mrufiji, na ndiyo maana jambo la kwanza analolitaka Kinjeketile akitoka majini ni umoja. Mtu wa mwaka 1969, aliyeishi chini ya nembo ya taifa yenye maneno Uhuru na Umoja, alilisikia neno hilo kama jambo lake la kila siku. Imani ya mwaka 1905 ilikuwa kwamba Hongo amesema. Imani ya mwaka 1969 ilikuwa kwamba watu wakiungana hakuna kinachowashinda, na kwamba kiongozi anaweza kuwaunganisha kwa neno. Hussein anazipima imani zote mbili kwa mizani moja, na hilo ndilo linaloufanya mchezo wake kuwa mkubwa.

Kwa sababu Kinjeketile wake anatilia shaka. Katika masimulizi niliyoyasoma, Kinjeketile wa Ngarambe hajiulizi kama pepo alisema kweli. Yule wa jukwaani anajiuliza: je, neno lilitoka kwa Hongo, au lilitoka kwangu? Anawataka watu wangoje, wajiandae, wafanye mazoezi, na watu hawangoji, kwa kuwa wameshaliamini neno kuliko wanavyomwamini aliyelitoa. Anakuja kufahamu kwamba mtu huzaa neno, nalo likakua mpaka likamzidi nguvu mzazi wake. Mwandishi mwenyewe alieleza katika utangulizi wa kitabu kwamba Kinjeketile huyu si yule wa historia, bali amebuniwa kwa mahitaji ya sanaa. Shaka hiyo ni ya mwaka 1969. Ni shaka ya kizazi kilichokuwa kimeona uhuru unapatikana kwa neno la kiongozi, na ambacho baadhi ya vijana wake wasomi walianza kuuliza kwa uangalifu nini hutokea pale umma unapoliamini neno kuliko unavyoyapima mazingira yake.

Kijana aliyemwigiza Kinjeketile ana kipaji, sauti nzuri na mwili unaotii. Lakini aliongozwa, au alijiongoza mwenyewe, kuigiza shaka hiyo tangu dakika ile ile anapotoka majini. Alitoka akiwa tayari anajiuliza. Mabega yalikuwa yameshaanguka, na macho yalishaanza kuwakwepa wenzake. Hilo ni kosa, na ni kosa la msingi, kwa sababu linafuta safari yote. Mtu asiyeamini kamwe hawezi kupoteza imani, na tanzia ya mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba anachowapa wenzake huenda si kweli inageuka kuwa habari ya udanganyifu. Waigizaji waliomzunguka waliamini kwa nguvu zao zote, wakaonekana kama watu waliotapeliwa, na kile kicheko cha nyuma ya ukumbi kikapata sababu ambayo hakikustahili kuipata.

Pale lilipoumia zaidi ni kwenye mstari mmoja, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapo. Kinjeketile anapotoka majini akiwa bado amepandwa na pepo, anawaahidi watu kwamba Mjerumani ataondoka, kisha anasema kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akiwa ameshazinduka, anayasikia maneno yake mwenyewe na kushtuka: kumbe ameahidi kuwatoa watu kwa bwana mmoja awapeleke kwa bwana mwingine. Hapo ndipo shaka yake inapozaliwa. Haizaliwi kabla.

Mtazame mkulima wa Matumbi wa mwaka 1905 anayesikia jina hilo. Seyyid Said alikuwa amekufa tangu 1856, karibu miaka hamsini. Jina lake, kwa watu wa nyuma ya Kilwa, lilikuwa linabeba kumbukumbu ya zama zilizotangulia Mjerumani, kabla Sultani wa Zanzibar hajaipoteza pwani hii. Kuwa watoto wa Seyyid Said ilikuwa njia ya kusema kwamba Mjerumani hayupo tena. Sasa mtazame Mtanzania wa mwaka 1969 anayelisikia jina hilo hilo akiwa ukumbini. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalikuwa na miaka mitano tu, Sultani alikuwa amekimbia, na Muungano wa Aprili mwaka ule ulikuwa bado mchanga. Kwake yeye, maneno yale yale yalimaanisha utumwa. Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, aliyajua masikio ya pande zote mbili. Aliuchukua mstari uliokuwemo katika kumbukumbu za wazee, akauweka mbele ya watu ambao kwao ulikuwa umegeuka sumu, na kutoka katika tofauti hiyo akatengeneza anguko la mhusika wake. Sijui sentensi nyingine katika fasihi yetu ambayo zama mbili zinagongana ndani yake kwa maneno machache hivyo.

Kikundi hiki kiliufunika mstari huo kwa ngoma. Kinjeketile aliutamka akiwa amegeukia nyuma ya jukwaa, wapigaji wakiwa wameshapandisha mdundo, na onyesho la baadaye la kuzinduka kwake likafupishwa mpaka likawa vijisentensi viwili vitatu na kilio. Inawezekana waliona kwamba habari za Sultani zitawachanganya vijana wa leo, au kwamba ni jambo la zamani lisilogusa mtu. Vyovyote iwavyo, bila mstari huo mashaka ya Kinjeketile hayana mzizi; yanaonekana kama woga wa mtu anayekaribia vita. Kijitabu cha onyesho, chenye kurasa nne zilizochapwa vizuri, kina ukurasa mzima juu ya historia ya vita na hakina hata sentensi moja juu ya miaka ya sitini. Kama kungekuwa na aya moja tu ya kumwambia mtazamaji kwamba mchezo huu uliandikwa na kijana wa taifa changa, mwigizaji mwenyewe angejua aanzie wapi kutilia shaka.

Onyesho la mwisho, gerezani, lilirejesha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kitunda, rafiki wa Kinjeketile na kiongozi wa wapiganaji, anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kinjeketile anakataa, kwa sababu siku akikiri, watoto watakuja kuambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Hapa tena ni sauti ya mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na hakuishi kuuona ushindi wala kushindwa; vita viliendelea bila yeye mpaka 1907, vikiongozwa na watu wengi katika nchi nyingi, na Songea machifu wa Kingoni walinyongwa Februari 1906. Tanzia huhitaji mtu mmoja asimame mwishoni na kubeba maana ya yote, basi mwandishi akamwongezea mtu wake uhai ili apate kulijibu swali ambalo halikuulizwa Mohoro. Silioni hilo kama kosa. Ni chaguo linalotuambia kwamba kizazi cha Uhuru kiliamini historia inaweza kukombolewa kwa kulikataa neno la mtawala, hata kama ni neno la kweli kuhusu risasi. Waigizaji wote wawili waliliigiza kwa utulivu, bila ngoma, taa ikiwa moja, na Kinjeketile wa hapa, akiwa ameketi chini mikono imefungwa, hatimaye aliamini kitu. Nilitamani angekuwa ameamini kwa namna hiyo saa mbili zilizopita.

Mavazi yalikuwa mazuri, isipokuwa askari waliovaa sare za kaki zinazofanana mno na za walinzi wa majumbani Mikocheni. Ngoma zilipigwa kwa ustadi. Kiswahili cha waigizaji kilikuwa safi, na hawakujaribu kuyafanya maneno ya Hussein yasikike kama ya mitaani, uamuzi ambao nawapongeza kwa moyo wangu wote.

Wameahidi kuurudia mchezo mwisho wa mwezi huu, na nitakwenda tena, nikiwachukua wanangu wawili. Ombi langu kwa mwongozaji ni dogo kulinganisha na kazi kubwa aliyokwisha kuifanya: ngoma zinyamaze pale Kinjeketile anapolitaja jina la Seyyid Said, na mwigizaji atugeukie sisi. Tulipokuwa tunatoka, yule mzee wa Utete alikuwa amesimama kwenye ngazi akiwatafuta jamaa zake waliokuja kumchukua. Aliniambia kwamba aliuona mchezo huu akiwa kijana, miaka ya sabini, na kwamba alikaa usiku mzima akingojea mstari ule. "Kwani walisema saa ngapi?" akaniuliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema hakusikia.